Wenzangu wananiita kilabuni Kihesa: niende, na nikifika niagize nini?

Swali: Shikamoo mzee. Nimehamishiwa Iringa kikazi nikitokea Tanga, sina hata miezi miwili hapa. Wenzangu ofisini wanataka Jumamosi wanipeleke kilabuni Kihesa tukanywe ulanzi. Bia nakunywa, na kwetu mnazi naujua, ila kilabu cha pombe ya kienyeji cha uchochoroni sijawahi kuingia. Naogopa tumbo, naogopa kuonekana mshamba, na mke wangu anasema huko ni kwa walevi tu. Je, niende? Nikienda niagize nini, nikae vipi? Mwezi ujao nina safari ya Mbeya pia. Huko nako mambo ni yale yale?

Jibu: Marahaba mwanangu, karibu Nyanda za Juu. Vilabu vya huku nimevijua kwa milango miwili. Asubuhi nilikuwa naingia kama bwana afya, na daftari la ukaguzi kwapani, na watu wanahamisha ndoo haraka haraka. Jioni nilikuwa narudi kama mteja, nakaa kwenye benchi lile lile nililolikagua. Kwa hiyo usitegemee nimuunge mkono mkeo moja kwa moja, wala wenzako.

Nenda. Ila wewe umeniuliza kilabu gani na pombe gani, na mimi ningeanza kuuliza ni mwezi gani, ni siku gani na ni saa ngapi. Bia ya chupa haijali ukiinywa Jumatatu au Ijumaa, imeshamaliza kuiva kiwandani. Pombe ya kienyeji bado inaiva ikiwa kwenye kopo lako. Ulanzi uliokuwa mtamu asubuhi unakuwa mkali kesho, na keshokutwa unaelekea kuwa siki. Karibu kila taabu niliyoiona kilabuni, ya tumbo, ya kichwa au ya ngumi, ilitokana na mtu kunywa kitu sahihi kwa wakati usio wake.

Tuanze na mwezi, maana hapo una bahati. Umeniandikia Februari.

Ulanzi ni utomvu wa mianzi. Si kila mwanzi unatoa. Ni ule wanaouita wataalamu wa mimea *Oxytenanthera abyssinica*, wenye fito nene zilizojaa ndani, unaoota kwa mashina kuanzia Iringa mpaka Njombe na kusini zaidi. Mvua za huku ni za msimu mmoja, zinaanza karibu Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mvua ikikolea, shina linachomoza machipukizi mapya. Chipukizi likifika kimo cha kugemeka, mgema anakata ncha yake kwa kisu kikali, anafunga chini yake kikombe kilichochongwa kwa pingili ya mwanzi, kinachoitwa mbeta, na utomvu unadondoka humo. Asubuhi anapita anamimina na kukata tena kipande chembamba, ili kidonda kisifunge. Jioni anarudi. Ukiacha kukata, chipukizi linakauka na kazi imeisha.

Wewe wa Tanga hapo unaona ndugu wa mnazi, na ni kweli: utomvu mtamu, hamira ya porini inayoingia yenyewe kutoka hewani na kwenye mbeta ya jana, na ndani ya saa chache povu limeanza. Tofauti ni kwamba mnazi unagemwa mwaka mzima na mti unabaki. Chipukizi lililogemwa haliwi tena mti wa kujengea wala wa kusukia tenga. Ndiyo maana mwenye shamba mzoefu anachagua: haya ya kugema, haya yaachwe yakue. Mwenye tamaa anagema yote, na baada ya miaka michache shina lake linazeeka bila vijana.

Kwa hiyo msimu wa ulanzi ni huu, kuanzia Januari hadi Aprili, mwaka ukiwa mzuri hadi Mei. Sasa hivi ukisimama asubuhi kwenye barabara zinazoingia mjini kutoka vijijini utaona madumu ya lita 20 juu ya baiskeli, bodaboda na malori, vifuniko vimelegezwa kidogo. Usidhani ni uzembe. Dumu la ulanzi likikazwa linavimba kwa gesi mpaka linapasuka. Dumu lililokazwa sana na bado limenyooka kama la maji, mimi nalitilia shaka.

Agosti ni habari nyingine. Kiangazi mwanzi hautoi, au unatoa kidogo sana kwenye mabonde yenye unyevu, lakini kilabuni "ulanzi" haukosekani. Kinachouzwa mara nyingi ni kidogo cha kweli kilichorefushwa kwa maji na sukari, kikachachuka upya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwetu hata asiposifiwa, kiangazi kinamlazimisha. Si sumu, ila unalipia sukari, na maji yaliyotumika hujui yametoka bomba gani. Ulanzi wa kweli ni mweupe wenye ukungu, una harufu ya mwanzi mbichi, na utamu wake unashuka taratibu kadiri unavyokaa. Ule wa sukari unakuwa mtamu na mkali kwa pamoja, na harufu ya mwanzi inakuwa imepotea.

Sasa siku. Ukifika Kihesa utasikia watu wanaagiza mtogwa au mkangafu. Mtogwa ni ulanzi wa leo, mtamu, mwepesi. Wengi wanauanzia huo na wanawake wengi wanaupenda. Mkangafu ni uliolala, sukari imeshaliwa na hamira na kilevi kimepanda. Wauzaji wanachanganya pia: nusu ya jana, nusu ya leo, na mchanganyiko huo ndio wateja wa kudumu wanaouita mzuri. Wewe anza na mtogwa. Ila usidanganyike na utamu ukadhani unakunywa juisi. Tangu unadondoka kwenye mbeta ulishaanza kuchachuka, na mpaka ulipofika mjini kilevi kimo. Kama kwa imani yako au dawa unazotumia hutakiwi kugusa kilevi kabisa, mtogwa wa ulanzi haukufai. Waambie wakutafutie togwa ya unga na kimea iliyopikwa leo, au soda. Hakuna atakayekushangaa. Kila benchi lina mtu wake anayekunywa soda.

Kuhusu ukali nitakupa hesabu, maana hapa ndipo wageni wanapoangukia. Mkangafu ulioiva vizuri unakaribia ukali wa bia ya kawaida, tuseme asilimia 5. Bia ya chupa ya nusu lita kwa ukali huo ina mililita 25 za kilevi halisi. Ulanzi hauuzwi kwa nusu lita. Kopo la kilabuni kwa kawaida ni la lita moja, kwa hiyo lina mililita 50, yaani bia mbili. Kijana anasema "nimekunywa makopo matatu tu", naye ameshakunywa bia sita, tena kwa kasi, kwa sababu ulanzi hauna uchungu wa kumzuia na bei ya lita kwa msimu huu iko chini ya bei ya bia moja. Wenzako watakuletea lita. Iweke mbele yako, ongea nayo saa nzima. Lita moja kwa mara ya kwanza inatosha, na usiinywe bila kula.

Kula nini? Uchochoro wa kilabu haukosi jiko: nyama ya kukaanga, utumbo, viazi vya kuchemsha, karanga, na mahali pengi kitimoto. Hiyo ya mwisho ina mantiki yake kiuchumi. Mama anayepika pombe ya nafaka anabaki na machicha kila wiki, na machicha ni chakula kizuri cha nguruwe. Pombe inalisha nguruwe, nguruwe analisha mnywaji. Kama huli, sema mapema, utaelekezwa jiko lingine.

Nije kwenye tumbo, maana hiyo ndiyo hofu yako ya kwanza na ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Watu wanailaumu pombe. Mara nyingi yenye kosa ni ndoo iliyo pembeni yake. Pombe iliyochachuka ina asidi ya kutosha na kilevi kidogo, na vijidudu vingi vya kuharisha, hata vile vya kipindupindu, havipendi asidi. Lakini angalia kopo lako limeoshwa wapi. Kwenye vilabu vibaya kuna ndoo moja ya kusuuzia. Saa tisa alasiri maji yake ni safi. Saa kumi na mbili yana rangi ya pombe, na kila kopo lililonywewa na kila mdomo limepita humo bila sabuni. Ndiyo maana kipindupindu kikizuka, vilabu ni miongoni mwa sehemu za kwanza kufungwa kwa amri, na wenye vilabu hulalamika kwamba pombe yao haina kosa. Pombe haina, ndoo ina.

Kwa ulanzi ongeza hili: hauchemshwi popote, tangu mwanzini hadi mdomoni. Mbeta ikikaa wazi inaingia nyuki, nzi na vumbi. Muuzaji anachuja wadudu, lakini chujio halichuji vijidudu. Kwa hiyo mimi nikiingia kilabu nisichokijua, macho yangu yanakwenda sehemu tatu kabla sijakaa. Maji ya kuoshea: yanabadilishwa, kuna sabuni, kuna hata birika la maji ya moto? Choo: kipo, kina mlango, na nje yake kuna maji ya kunawa? Na mikono ya anayepima: ndiyo hiyo hiyo inayopokea hela na kuchota pombe, au kuna kata yenye mpini mrefu? Kilabu chenye sakafu ya udongo na mabenchi ya mbao lakini kina majibu mazuri kwa hayo matatu ni bora kuliko chenye vigae na ndoo moja. Nimewahi kukaa kwenye kibanda cha mabati kilichochakaa ambako mama alikuwa na sufuria ya maji yanayochemka muda wote kwa ajili ya makopo tu. Hapo ningempeleka hata askofu.

Ukiona mashaka, mwombe mama kwa heshima, "Mama, naomba unisuuzie kopo kwa maji ya moto." Hawachukii. Wanachukia mgeni anayelinusa kopo mbele ya watu na kukunja uso. Wapo pia wanaokuja na kikombe chao mfukoni, hasa wazee, na hakuna anayewauliza.

Kuhusu kunywa kopo moja kwa kupokezana. Utaona wazee wanafanya hivyo, na ni ishara ya kukubaliwa. Ukimwi hauambukizwi kwa kopo, ondoa hofu hiyo. Mafua, vidonda vya mdomo na kuharisha vinaweza. Kifua kikuu hakihitaji kopo. Kinahitaji chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, watu wamebanana na mmoja anakohoa. Kwa hiyo kaa nje au karibu na mlango, hata kama baridi ya Iringa inakuchoma. Kopo la kupokezana likikufikia na hutaki, liguse mdomo kidogo, shukuru, lipitishe. Kulirudisha kwa mkono bila kuligusa ndiko kunakoonekana dharau.

Sasa adabu yenyewe, ili usionekane mshamba. Kwanza nikwambie, mshamba kilabuni haonekani kwa kutojua. Anaonekana kwa kujifanya anajua. Ingia, salimia wote, wazee shikamoo, na ukijaribu "Kamwene" ya Kihehe watacheka kwa furaha na benchi litasogezwa. Subiri uonyeshwe pa kukaa, kwa sababu sehemu nyingine zina wenyewe wa miaka mingi. Muuzaji akikuletea pombe, huenda akaionja kwanza yeye mbele yako. Ni desturi ya zamani ya kukuhakikishia kwamba haina kitu. Ukimwona mzee anamwaga tone chini kabla ya kunywa, nyamaza. Hilo liko kati yake na waliotangulia.

Mzunguko wa kununua upo, lakini si lazima uingie wote. Mgeni hununuliwa kwanza, naye kabla ya kuondoka anarudisha kwa kuwanunulia waliomkaribisha. Usiwanunulie kilabu kizima siku ya kwanza. Utapendwa usiku huo na kusumbuliwa mwaka mzima. Nenda na noti ndogo. Noti ya elfu kumi kwa lita moja ya ulanzi inamsumbua mama chenji na inatangaza mfuko wako. Simu iache mfukoni, na usipige picha watu bila ruhusa. Kuna mwalimu mle ndani, kuna mzee wa kanisa, kuna mtu aliyemwambia mkewe yuko kwa fundi.

Hapo nafika kwa mkeo. Anasema ni kwa walevi tu. Walevi wapo, sitamficha, na baadhi yao ni watu waliouza mbolea ya ruzuku wakanywa. Msimu wa ulanzi ndio pia msimu wa palizi, na nyumba nyingi huku zimepata njaa ya Desemba kwa sababu ya lita za Februari. Lakini aangalie anayesimama nyuma ya pipa. Karibu siku zote ni mwanamke, mara nyingi mjane au aliyeachwa na watoto, na ada za shule za mtaa mzima zimepita kwenye ile kata. Tangu enzi za Waingereza, wenye mamlaka ya miji walipojenga masoko ya pombe na kutoza ushuru, wanawake ndio waliopanga vibanda humo. Na vijijini pombe ilikuwa mshahara: mtu akitaka shamba lake lilimwe kwa siku moja anaita mgowe, majirani wanakuja na majembe, na jioni pipa linafunguliwa. Mgowe usio na pombe haukupata watu. Mlete mkeo Jumamosi mchana, saa tisa au kumi, akae na akina mama upande wa jikoni. Akirudi bado anasema hivyo hivyo, basi ana haki yake.

Saa ndiyo jambo langu la tatu. Leseni ya kilabu inataja saa za kufungua na kufunga, na siku za kazi asubuhi si ruhusa. Kinachofunguliwa saa mbili asubuhi Jumanne kikwepe. Huko ndiko utakakomkuta yule mlevi anayesemwa na mkeo. Saa nzuri ni alasiri ya Jumamosi au Jumapili baada ya ibada. Pombe ni mbichi, maji ya ndoo bado safi, watu wana hadithi. Ikifika saa mbili usiku hadithi zinageuka madai. Ondoka hadithi zikiwa bado tamu.

Na baridi usiichukulie kirahisi, wewe mtu wa pwani. Iringa iko juu ya mita 1,500 na Mbeya karibu mita 1,700. Kilevi kinatanua mishipa ya ngozi, unahisi joto, kumbe joto lenyewe ndilo linatoka mwilini. Mtu anavua koti kilabuni, anatembea kwenda nyumbani, anakaa chini "kidogo tu", na Juni au Julai, hasa kule Njombe na Makete ambako umande huganda, anakutwa asubuhi ameshakufa. Chukua koti, rudi na mtu, na bodaboda asiwe yule mliyekuwa mnakunywa naye.

Kuna kitu kimoja ambacho jibu lake halina "labda". Katikati ya kunywa mtu atakunong'oneza kwamba nyuma kuna "kitu kikali". Ni gongo. Ni pombe kali ya kukenekwa kienyeji. Kuipika na kuiuza bila kibali ni kosa kisheria, lakini mimi siongelei polisi. Hujui imepikwa kwenye chombo gani, na hatari kubwa zaidi ni pale muuzaji anapoiongezea spiriti ya viwandani ili ipande ukali. Humo kuna methanoli. Mtu anaamka kesho yake, anadhani ni uchovu wa pombe, kichwa kinauma, anatapika, kisha macho yanaona ukungu. Huyo anapelekwa hospitali dakika hiyo, hasubiri supu. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya pakiti ndogo, mwezi Machi 2017, baadhi ya waliovizoea walihamia kwenye vitu vya namna hii, na sikufurahia.

Mbeya sasa. Mambo si yale yale, kwa sababu kule ulanzi si mfalme. Mfalme ni komoni.

Komoni ni pombe ya nafaka: unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Ni nzito, ina rangi ya udongo, ina uchachu, na ukishika kopo unahisi kama umeshika chakula. Kuitengeneza si kazi ya siku moja. Ulezi unalowekwa, unafunikwa uchipue siku mbili tatu, unaanikwa, unasagwa. Unga wa mahindi unalowekwa na kuachwa uchachuke, kisha unakaangwa au kupikwa kufuatana na mpishi. Ndipo vinakutana kwenye pipa na maji. Kimea kinageuza wanga kuwa sukari, hamira inageuza sukari kuwa kilevi, na siku ya mwisho pombe inachujwa. Mama anayeuza Jumamosi alianza kazi wiki iliyopita, na baridi ikizidi inamchelewesha hata siku nzima, ndiyo maana utaona pipa limefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Kwa sababu hiyo vilabu vingi vya Mbeya vinaenda kwa zamu: leo ya mama huyu, keshokutwa ya yule. Wenyeji wa Mwanjelwa, Soweto au Uyole hawakuulizi unaenda kilabu gani, wanakuuliza leo ni zamu ya nani. Swali lako ukifika liwe hilo hilo, na la pili: imechujwa lini? Iliyochujwa leo ina povu na utamu kidogo. Ya jana ni kali na chachu zaidi, wazoefu wanaipenda. Ya juzi waachie nguruwe. Na kwa tumbo lisilozoea, komoni inaendelea kufanya kazi ndani, utajaa gesi usiku kucha. Nusu kopo, siyo kopo.

Jambo ambalo wanywaji hawalizungumzi ni mahindi yenyewe. Mahindi yaliyobaguliwa kwa ukungu, yasiyofaa ugali, kuna watu huyapeleka kwenye pombe wakidhani kuchachuka kutayasafisha. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Hutaiona wala kuionja kwenye kopo, na madhara yake kwenye ini ni ya miaka. Kinga yako ni kumjua mpishi. Mama anayelima mwenyewe au anayenunua mahindi hadharani sokoni atakuonyesha unga wake bila kuona haya.

Ukipata nafasi ya kutoka mjini kuelekea Mbozi, tafuta kimpumu. Ni pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija kutoka kwenye chombo kimoja, na maji ya moto yanaongezwa kila yanapopungua. Kwa jicho la bwana afya, maji yakiwa yamechemka kweli, ni ya kutegemewa kuliko makopo mengi niliyoyakagua. Omba mrija wako mwenyewe. Usiukoroge mrija ndani ya chungu. Machicha yanapanda, unaziba mirija ya wote, na hapo ndipo utakapoitwa mshamba kwa haki. Ukishiba waambie "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa; hata wasio Wanyakyusa wanaielewa.

Kwa Jumamosi hii, basi: kula mchana vizuri, fika saa tisa, agiza mtogwa lita moja, uliza umeingia mjini lini. Wakikujibu "asubuhi hii", kaa. Wakianza kutazamana, agiza soda na nyama, usikilize hadithi.